Tundu Katika Jiwe la Mzee Wekoye

Jumatatu, 5 Januari 2004

Shule imefunguliwa. Kiingereza nakitumia darasani kutwa nzima, kwa hivyo daftari hili nitaliandika kwa Kiswahili, ulimi wangu upumzike.

Nimeitwa ofisini kabla hata sijaweka mkoba chini. Madam Chepngeno, mkuu wetu wa shule, hapotezi wakati kwa salamu.

"Mwalimu Joan, mwaka jana fizikia walichagua wangapi?"

Nikamwambia saba.

"Wasichana tisini, na saba tu!" Akanyanyua kikombe chake cha chai, akanywa, akakirudisha mezani. "Muhula huu kidato cha pili wanachagua masomo. Nataka majina ishirini kufikia siku ya kufunga, saa sita mchana. Yasipofika, fizikia inatoka kwenye ratiba na wewe utafundisha hesabu peke yake."

Nimefundisha fizikia hapa, njia ya kwenda Endebess, miaka tisa, katika maabara yenye bomba moja linalotoa maji na matatu yanayotoa kelele. Nimetoka mle ofisini na hasira mpaka nikasahau mkoba, ikabidi nirudi kuuchukua naye ananitazama tu. Yule mama hana huruma hata chembe.

Jumanne, 6 Januari

Majina mawili. Moja la Chesang wa kidato cha pili, na lingine la msichana aliyedhani anajiandikisha kwenda ziara.

Jumatano, 14 Januari

Leo nimeacha kitabu. Nimeingia kidato cha pili na gazeti, nikawaonyesha picha ya kigari cha roboti kilichotua sayari ya Mirihi juma moja na nusu lililopita. Kilitua Jumapili asubuhi, sisi tukijiandaa kwenda kanisani.

Chesang, ambaye kwao ni juu kule mteremkoni mwa Elgon na ambaye hawezi kukaa dakika tano bila swali, akasimama. "Sasa Madam, kikifika huko kinafanya nini? Kinapiga picha tu kama mtalii?"

Nikawaambia kina mkono, na mwishoni mwa mkono kuna kifaa kidogo kama ngumi, chenye meno ya almasi. Kinashikilia jiwe na kulisaga taratibu kwa saa mbili au tatu, mpaka kipate shimo la upana wa yai, na kina kisichofikia unene wa penseli. Basi. Safari yote ile, mamilioni ya kilomita, ili kusaga shimo la nusu sentimita.

Darasa likacheka. "Ya nini?" wakauliza.

Nikawaambia jiwe limekaa nje miaka isiyohesabika, limepigwa na upepo, limejaa vumbi, ngozi yake imebadilika. Ukiliangalia juu juu unaangalia vumbi. Ukitaka kujua lilizaliwaje, kama lilipitiwa na moto au na maji, lazima uingie ndani.

Kutoka nyuma ya darasa sauti ikasema polepole, "Kwa hivyo ni poshomili, ila inasaga mawe badala ya mahindi."

Huyo ni Emmy, msichana wa Kachibora, mpole, mikono haitulii, kila kalamu ya darasa lile ikiharibika inapelekwa kwake. Nikamwambia ndiyo, ni poshomili hasa. Nikamuuliza kama atachagua fizikia.

"Apana, Madam. Mama anataka sayansi ya jikoni. Dada yangu alisomea hiyo akapata kazi ya kupika hotelini. Lakini nikisaidia kuunda hiyo mashine, si ni sawa?"

Ati tuunde mashine. Nani amesema tunaunda mashine? Lakini tayari nilikuwa nimechukua chaki na kuanza kuichora ubaoni.

Alhamisi, 22 Januari

Redio inasema kigari kimenyamaza. Hakijibu. Nimekosa hamu ya chakula kwa ajili ya gari ambalo si langu na sitaliona maishani. Majina sita.

Jumamosi, 24 Januari

Bungoma, nyumbani kwa mayi, mama yangu. Nimemjia kaka yangu Levi, fundi wa magari, aniuzie mota ya waipa, ile inayozungusha vifuta kioo, iliyotoka kwenye gari bovu.

"Mota ya nini, dada? Umenunua gari tusijue?"

"Ya kusaga mawe."

Levi alicheka mpaka akakaa chini kwenye tairi. Lakini alipomaliza kucheka akanipa bure, akatafuta diski kuukuu ya kunolea vyuma, akaikata vipande viwili vidogo vya mviringo. Akanionyesha namna ya kuvifunga vizunguke pamoja. Mota ya waipa inakwenda polepole, akasema, lakini ni mbishi, haiachi kazi katikati.

Mayi alikuwa mlangoni anatuangalia, ndoo ya maziwa mkononi. "Joan, wenzako wakija nyumbani wanatafuta bwana. Wewe unatafuta mota."

"Mota hainikatazi kufanya kazi, mayi."

"Na bwana naye hatoi moshi," akasema, akaingia ndani. Nimecheka njia nzima kurudi Kitale.

Jumatatu, 26 Januari

Kigari cha pili kimetua jana, upande wa pili wa sayari. Na kile cha kwanza kimeanza kujibu madaktari wake kidogo kidogo. Majina kumi na moja!

Jumanne, 3 Februari

Nimegombana na Mzee Wekoye.

Mzee Wekoye ndiye mtunza bustani wetu. Njia yote kutoka langoni hadi ofisini ameipanga mawe pande mbili, na kila mwaka kabla ya siku ya wazazi anayapaka chokaa mpaka yanaumiza macho. Leo Emmy na Chesang wamechukua moja tu, la kujaribia mashine. Hawajafika hatua kumi, mzee huyu hapa na jembe lake.

"Rudisha! Rudisha mahali yake!"

Nikatoka maabara. "Mzee, ni jiwe tu. Mlima mzima ule ni mawe."

"Basi nenda mlimani, mwalimu. Hii nimepanga tangu themanini na tisa, moja moja. Iko na mahali yake kama mtu."

Nikamwambia kuna watu wanaopaka mawe rangi na kuna watu wanaotaka kujua mawe ni nini. Nikajuta papo hapo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mzee akalibeba jiwe lake kifuani, akalirudisha, akalikung'uta udongo kwa kiganja.

Tumechukua lingine kwenye rundo nyuma ya jikoni, limefunikwa udongo na majivu, halina mwenyewe. Wasichana wamelisugua kwa brashi na maji mpaka likawa la kijivu.

Jumamosi, 7 Februari

KIMESAGA! Kigari cha kwanza, kile kilichougua, kimesaga jiwe lake la kwanza jana. Nimekwenda mjini kwenye saiba, duka la intaneti, nikalipa nusu saa, picha ikashuka kwenye skrini mstari kwa mstari, nami nimekaa ukingoni mwa kiti. Kwanza vumbi, halafu jiwe, halafu katikati ya jiwe duara jeusi, safi, limekaa kama limechorwa kwa bikari. Hakuna mkono wa mtu uliogusa jiwe lile tangu lilipoumbwa. Machozi yalinitoka. Kijana mwenye saiba akaniuliza kama ni habari za msiba. Nikamwambia ni za harusi.

Alhamisi, 12 Februari

Diski imevunjika.

Ijumaa, 13 Februari

Nyingine. Mota imetoa moshi. Jua ni kali, nyasi za uwanjani zimekuwa kama ufagio, na bomba langu moja sasa nalo linatoa kelele tu.

Jumanne, 17 Februari

Leo, leo, leo! Levi ametuma diski nyingine, na mashine imeuma jiwe. Emmy ameibonyeza kwa mikono miwili, ikalia vibaya, lakini ilipotolewa kulikuwa na kovu la mviringo na unga kidogo. Nikawaambia tufanye kama wataalamu, tuupime huo unga. Tukadondosha siki ya jikoni.

Ukatoa povu!

Kila mwanafunzi wa sayansi anajua jiwe linalotoa povu kwenye siki ni la jamii ya chokaa, na mawe ya jamii hiyo mengi huzaliwa chini ya bahari. Chesang alipiga kelele, "Endebess kulikuwa na bahari!" Nami, Joan Nekesa, mwenye digrii, nilipiga kelele naye. Sikungoja. Jioni kwenye pareti niliomba nafasi, nikasimama mbele ya shule nzima na kutangaza bahari yetu. Wasichana walipiga makofi mpaka ng'ombe wa jirani wakakimbia. Majina kumi na sita kabla ya chakula cha jioni.

Jumatano, 18 Februari

Saa nne asubuhi nimesikia kicheko nje ya maabara. Mzee Wekoye, ameegemea jembe, anafuta macho kwa kofia yake.

"Mwalimu. Hiyo bahari yenu. Mulitoa wapi?"

"Nyuma ya jikoni."

"Hiyo rundo ni mawe yangu ya zamani. Ilikuwa kwa njia. Nilitoa juu ya kuchoka." Akashika mbavu. "Mwalimu, hiyo ni chokaa! Chokaa yangu!"

Nimelitazama jiwe. Mawe yetu ya Elgon yamejaa vitundu, kwa vile yalitoka kwa moto wa mlima, na ndani ya kila kitundu, mahali ambapo brashi haifiki, mlikuwa mweupe. Kijivu tulichokiona kilikuwa majivu yaliyoingia kwenye chokaa, na ngozi yote ile tuliyoisaga ilikuwa rangi. Hata jiwe lenyewe hatujaligusa.

Mwezi mzima nimewafundisha kwamba usiamini ngozi ya jiwe.

Ijumaa, 20 Februari

Majina tisa. Madarasani wananiita Madam Bahari. Sitaki kuandika.

Jumatatu, 23 Februari

Mzee Wekoye amekuja maabara. Nilijua anakuja kucheka tena, nikajifanya nasahihisha vitabu. Amesimama, ameitazama mashine muda mrefu, kisha akachukua vipande vya diski kwenye pipa la taka, akavipitishia kidole gumba.

"Nani anasukuma?"

Emmy akainua mkono kwa woga.

"Usisukume. Weka tu, iache ijilie yenyewe. Na usikilize. Ikilia namna ya hasira, umeibonyeza. Ikinyamaza, imejaa unga, haiumi tena. Hapo inua, fagia, rudisha." Akanigeukia. "Mwalimu, mimi nimefanya kazi poshomili ya Kachibora miaka ishirini, wakati ilikuwa ya mawe. Kila Jumatatu nafungua jiwe, nachonga meno yake na patasi, nafunga. Halafu wakaleta mashine ya nyundo za chuma. Haitaki mchonga mawe."

Miaka tisa nimempita mtu huyu kila asubuhi. Nilimwomba msamaha kwa yale maneno ya siku ile, mbele ya wasichana, kwa sababu niliyasema mbele ya wasichana. Akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Wacha bana. Leta mswaki wa kufagia."

Emmy akaweka mashine, akaondoa mikono, akainamisha sikio. Iliguna kwa saa moja unusu. Mzee amekaa kwenye kigoda cha maabara, macho ameyafumba, anasema "fagia" na "rudisha" tu. Mwishowe hata hakusema, maana Emmy alikuwa ameshafagia.

Na tundu lilipotokea! Ukingoni mweupe, halafu mstari wa buluu, mweupe tena, mwekundu, mweupe, na katikati kabisa kijivu cheusi, jiwe lenyewe. Mzee akaweka kidole kwenye kila mstari. Buluu ni ule mwaka chokaa haikutosha akachanganya na rangi iliyobaki ya milango. Nyekundu ni mwaka wa ukame, alitumia udongo, mkuu wa wakati huo akamfokea. Chesang anaandika kila neno.

"Madam," akasema Chesang, "tusitupe bahari yetu. Tuipeleke kwenye Kongamano la Sayansi, tushindane na shule zingine, hivyo hivyo."

Jumatano, 3 Machi

Kigari cha pili nacho kimesaga mawe ya huko kwake, na wataalamu wametangaza: mawe yale yaliwahi kuloweshwa maji. Mirihi kulikuwa na maji! Nimeingia darasani nikiwa nimevaa kiatu kimoja cha kahawia na kimoja cheusi, na hakuna aliyecheka. Majina kumi na tatu. Hapa kwetu hakuna hata wingu. Watu wamelima, mbegu ziko ndani ya magunia, na kila mtu anatazama mlima.

Jumamosi, 13 Machi

Kongamano la wilaya, katika shule moja ya mjini Kitale. Nitaandika yote.

Meza yetu ilikuwa kati ya redio inayopata umeme kwa ndizi na mtambo wa kuangua mayai. Mkuu wa majaji, Bwana Gicheru, ni mrefu, mkavu, kalamu mbili mfukoni, na tayari alikuwa amewatoa machozi wavulana wa mayai. Amekuja kwetu na watu kama hamsini nyuma yake. Chesang anaeleza, Emmy ameshika mashine. Tulikuwa tumesaga nusu shuleni ili imalizie pale pale, upande wa pili wa jiwe lile lile.

"Kwa nini mmeleta jiwe chafu?" Bwana Gicheru akauliza. "Hamkupata safi?"

"Huko Mirihi, bwana, hakuna mtu wa kukuonyesha lililo safi," Chesang akajibu. "Ndiyo maana wamepeleka msasa."

Mara mota ikaanza kulia. Nikasikia harufu ile ya moshi. Nilitaka kurukia waya wa betri. Sheria hairuhusu mwalimu kugusa, nikashika mikono yangu yenyewe nyuma ya mgongo. Mtu akasema, "Bonyeza msichana!" Mwingine akasema, "Imekwama hiyo."

Emmy hakubonyeza. Aliinua mashine taratibu, akafagia kwa mswaki, akapuliza, akashusha tena. Akainamisha sikio karibu kabisa na jiwe, macho amefumba, mbele ya watu wote wale. Mlio ukapungua hasira, ukawa ule mguno wetu wa kawaida. Hata Bwana Gicheru aliacha kubofya kalamu.

Dakika ishirini. Kisha Emmy akainua, na mistari ikaonekana. Chesang akadondosha siki kwenye mweupe, povu. Kwenye mweupe wa ndani, povu. Kwenye kijivu, kimya.

"Siki ikinyamaza, ndipo tunajua tumefika kwenye jiwe lenyewe," akasema. "Jiwe letu lilitoka kwa moto wa mlima Elgon. Halijawahi kuona bahari."

"Na mlijuaje kwamba hii ni chokaa ya kupaka?"

Nilimwomba Mungu kimoyomoyo. Chesang hajui kudanganya hata kidogo. "Hatukujua, bwana. Tulisaga ngozi tukadhani ni jiwe, na Madam akatangaza bahari kwenye pareti."

Watu walicheka mpaka meza ya mayai ikatikisika. Nami sikuwa na pa kujificha, nikacheka. Bwana Gicheru aliondoa miwani. "Kosa hilo hilo," akasema, "ndilo sababu ya kutengeneza kile kifaa. Nyinyi peke yenu leo mmenieleza kwa nini." Akaandika kitu, akakipigia mstari mara mbili.

Nambari mbili wilaya nzima! Redio ya ndizi ilichukua ya kwanza, na haki yake, ile ndizi iliimba. Tumerudi na cheti, na Mzee Wekoye alikuwa langoni anangoja, amevaa koti.

Jumatatu, 15 Machi

Kumi na saba.

Ijumaa, 26 Machi

Kumi na tisa! Na hapo yamekwama. Chesang amepita bweni kwa bweni. Waliobaki wameamua, wanataka masomo mengine, na ni haki yao. Amebaki Emmy. Ameniambia leo akiangalia chini, "Madam, mimi nataka. Lakini siwezi kumzunguka mama." Sikumsukuma. Hilo nalo nimejifunza kwa mzee.

Nimejaribu kumwuliza Madam Chepngeno kama kumi na tisa inaweza kutosha. "Ishirini ni ishirini, mwalimu." Mvua bado.

Alhamisi, 8 Aprili

Siku ya kufunga. Tangu asubuhi mlima umevaa wingu jeusi. Nilipofika langoni nilisimama. Mzee Wekoye amepaka mawe yote upya, meupe pepepe, na katikati ya safu, mahali panapoonekana kuliko pote, ameweka jiwe letu, tundu juu. Amelipaka pia, lakini kwa brashi ndogo, ameuzunguka ukingo wa tundu, na ndani hajaangusha hata tone. Nilimpa mkono.

Saa sita kasorobo wazazi wamejaa. Mama yake Emmy, Jerono, mwanamke wa sokoni Kachibora, amekuja na leso kichwani na haraka miguuni. Emmy akamvuta hadi kwenye jiwe. Nikawafuata nikijifanya naokota karatasi.

"Hii tundu ni wewe umetoboa?" Mama akachuchumaa, akaingiza kidole, akakizungusha. "Laini hivi? Na nani alikufundisha?"

Mzee Wekoye akatokea na ndoo ya chokaa. Mama akamtazama, akasimama. "Wekoye! Wekoye wa poshomili!"

"Ee, Mama."

"Unga wako ulikuwa laini, mzee. Tangu uondoke tunakula kama mchanga." Wakasalimiana kwa mikono yote miwili, wakicheka. Kisha mzee akatua ndoo.

"Mama, nimechonga mawe miaka ishirini. Nilifundisha wanaume watano. Hakuna hata mmoja alisikia jiwe. Huyu wako anasikia."

Mama akamwangalia Emmy, akaiangalia ile mikono, akanigeukia mimi na karatasi zangu za uongo. "Mwalimu, hiyo fizikia inaweza kumpatia kazi?"

"Sijui, Mama," nikasema. "Lakini kazi ikiwepo, huyu ataiweza."

"Basi aandike. Unangoja nini, wewe? Kimbia!"

Tulikimbia wote watatu, Emmy, mama yake na mimi. Saa ya ukutani ilikuwa sita na dakika kumi na tano. Nilijua yameisha, nikaingia tu kwa ukaidi. Madam Chepngeno alikuwa mezani, karatasi ya majina mbele yake, kalamu wazi, kikombe mkononi. Na pembeni, vikombe vingine viwili vitupu.

"Madam, saa sita imepita," nikasema, nikihema.

"Nilisema nikimaliza chai," akajibu. Hakusema hivyo hata siku moja. "Na sijamaliza." Akamsogezea Emmy kalamu. Emmy akaandika jina lake, herufi kubwa kubwa. Ndipo mkuu wetu akanywa funda la mwisho, chai iliyopoa zamani, akakunja uso kwa ubaya wake. Ningeweza kumkumbatia. Nilimkumbatia.

Tulikuwa bado mle ndani bati lilipoanza kulia. Tone, tone, halafu yote kwa pamoja. Nje wazazi wanapiga vigelegele, wanaume wazima wamesimama mvuani wamefungua mikono, na Mzee Wekoye anacheka huku chokaa yake mbichi inatiririka njiani kama maziwa.

Chesang alikuwa amepiga magoti kando ya jiwe, ameloa chapachapa. Lile tundu la nusu sentimita lilikuwa limejaa hadi ukingoni.

"Madam!" akaita kwa sauti ya shule nzima. "Madam Bahari! Tumepata maji!"